Mbwa wa Huduma kwa Wenye Maradhi ya Akili Nchini Marekani: Haki Hutokana na Mafunzo, Si Kitambulisho

Na Mwandishi Wetu

Watanzania wanaoishi, kusoma au kufanya kazi nchini Marekani hukutana na jambo ambalo hapa kwetu si la kawaida. Mbwa huingia dukani, hospitalini, darasani na hata ndani ya ndege akiwa ameambatana na mtu anayeona vizuri, anayesikia vizuri na anayetembea bila mkongojo. Mwenye mbwa huyo hajavunja utaratibu wowote. Mbwa aliye naye ni mbwa wa huduma aliyefunzwa kumsaidia mtu mwenye maradhi ya akili, na sheria za nchi hiyo zinamtambua kama zinavyomtambua mbwa anayemwongoza asiyeona.

Suala hili linawahusu wananchi wetu kwa namna zaidi ya moja. Wamo wanafunzi na wafanyakazi wanaougua sonona, hofu kali au maradhi yatokanayo na kiwewe wakiwa mbali na ndugu. Wamo pia wazungumzaji wa Kiswahili kutoka Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo waliopokelewa Marekani baada ya kuishi miaka mingi katika kambi ya Nyarugusu mkoani Kigoma, wakiwa na kumbukumbu za vita zisizowaacha walale. Kwa upande mwingine wapo wenzetu wanaoendesha teksi, kuuza maduka na kuhudumia wateja katika miji ya Marekani, ambao wanawajibika kumpokea mteja mwenye mbwa wa aina hiyo. Pande zote mbili zinahitaji kuifahamu sheria, kwa sababu kutoifahamu kumewafanya baadhi ya watu kununua karatasi zisizo na thamani na wengine kuwafukuza wagonjwa mlangoni.

Tafsiri ya sheria

Sheria mama katika jambo hili ni Sheria ya Wamarekani Wenye Ulemavu, iliyotiwa saini na Rais George H. W. Bush tarehe 26 Julai, 1990. Kanuni zake zilifanyiwa marekebisho na Wizara ya Sheria ya nchi hiyo mwaka 2010, na marekebisho hayo yakaanza kutumika tarehe 15 Machi, 2011. Kwa mujibu wa kanuni hizo, mnyama wa huduma ni mbwa aliyefunzwa mahsusi kufanya kazi au kutekeleza jukumu kwa manufaa ya mtu mwenye ulemavu, uwe ulemavu wa mwili, wa hisi au wa akili. Paka, kasuku, nyani na wanyama wengine hawamo katika tafsiri hiyo, isipokuwa kwamba kuna kifungu cha pekee kinachohusu farasi wadogo.

Tafsiri hiyo ina masharti mawili, na yote mawili ni lazima yatimie.

La kwanza ni ulemavu. Kuambiwa na daktari kwamba una wasiwasi au huzuni hakutoshi peke yake. Maradhi hayo yanapaswa kuwa yanazuia kwa kiasi kikubwa shughuli ya msingi ya maisha, na marekebisho ya sheria ya mwaka 2008 yanataja miongoni mwa shughuli hizo kulala, kufikiri, kumakinika, kuwasiliana na kufanya kazi. Mtu asiyeweza kutoka nyumbani kwa miezi kadhaa kutokana na hofu, au anayeamka usiku kila baada ya saa moja akipiga kelele, kwa kawaida anaangukia ndani ya tafsiri hii. Aliyechoka tu na masomo haangukii humo.

La pili ni kazi. Mbwa anapaswa kuwa na jambo mahsusi alilofunzwa kulifanya, linalohusiana moja kwa moja na ulemavu wa mwenyewe. Kanuni zinasema wazi kwamba faraja, utulivu na ushirika anaopata mtu kwa kuwa karibu na mbwa havihesabiwi kuwa kazi. Hapa ndipo wengi hujikwaa, kwa sababu kila anayempenda mbwa wake anaweza kusema kwa ukweli kabisa kwamba mbwa humtuliza. Wizara ya Sheria hufafanua tofauti hiyo kwa mfano wa mtu anayepatwa na hofu ya ghafla. Ikiwa mbwa amefunzwa kuitambua hofu hiyo inapoanza na kuchukua hatua fulani ya kuizuia au kuipunguza, huyo ni mbwa wa huduma. Ikiwa kuwapo kwake tu ndiko kunakomtuliza mwenyewe, huyo ni mbwa wa faraja, na haki ya kuingia naye dukani au mgahawani haipo.

Kazi zenyewe ni za aina nyingi. Kwa mtu mwenye maradhi yatokanayo na kiwewe, mbwa hufunzwa kumwamsha anapoota ndoto za kutisha, kwa kumgusa kwa pua au kumlamba mkono mpaka ainuke. Hufunzwa kuwasha taa, au kutangulia chumbani na kukizunguka ili mwenyewe ajue kwamba hamna mtu. Katika foleni husimama nyuma yake au mbele yake, watu wasimkaribie mno. Kwa anayepatwa na hofu ya ghafla, mbwa hulala juu ya mapaja au kifua chake kwa uzito wake wote, na uzito huo husaidia pumzi kurudi katika mwendo wake. Wapo mbwa wanaofunzwa kumkatiza mtu anayejikwaruza au kujiumiza bila kujitambua, wengine humletea chupa ya dawa saa ya dawa inapofika, na wengine humwongoza hadi mlango wa kutokea anapochanganyikiwa katika umati. Yote hayo yanaonekana kwa macho na hurudiwa kwa amri au kwa dalili ile ile, na hiyo ndiyo alama ya kazi iliyofunzwa.

Maswali mawili tu

Maradhi ya akili hayaonekani usoni. Kwa sababu hiyo, sheria imeweka mpaka wa kile ambacho mwenye duka, mlinzi au mhudumu anaruhusiwa kuuliza pale ambapo haijulikani mbwa ni wa nini. Anaruhusiwa maswali mawili: je, mbwa huyu anahitajika kwa sababu ya ulemavu? Na je, amefunzwa kufanya kazi gani?

Baada ya hapo hana ruhusa ya kuendelea. Haruhusiwi kuuliza mtu anaumwa nini, kudai barua ya daktari, kudai kitambulisho cha mbwa, wala kumtaka mbwa aonyeshe anavyofanya kazi yake. Mwenye mbwa anaweza kujibu kwa maneno machache: “Ndiyo, ni kwa sababu ya ulemavu. Amefunzwa kunitahadharisha hofu inapoanza na kunilalia mpaka itulie.” Hana haja ya kutaja jina la ugonjwa. Wala mbwa halazimiki kuvaa kizibao chenye maandishi, ingawa wengi huwavisha ili kupunguza maswali.

Kwa maoni ya mwandishi, hiki ndicho kipengele chenye hekima kubwa kuliko vyote katika sheria hiyo. Katika jamii zetu mtu hutakiwa kwanza ajieleze ugonjwa wake mbele ya watu ndipo asaidiwe, na maradhi ya akili yana majina ambayo yakishatamkwa hadharani hayasahauliki mtaani. Sheria hii inamwezesha mgonjwa kununua mkate wake bila kusimulia historia yake kwa muuza duka.

Haki hiyo inakwenda pamoja na wajibu. Mbwa anapaswa kuwa chini ya udhibiti wa mwenyewe wakati wote, kwa kamba au mkanda, au kwa sauti na ishara pale ambapo kamba inazuia kazi yake. Anapaswa kuwa amefunzwa kutojisaidia ndani. Akibweka ovyo, akirukia watu au akichafua mahali, na mwenyewe asichukue hatua ya kumdhibiti, mhudumu ana haki ya kutaka mbwa atolewe, lakini ni lazima amwachie mteja nafasi ya kupata huduma bila mbwa. Chanjo na leseni ambazo mji unazitaka kwa mbwa wote zinamhusu naye. Hospitalini anaingia vyumba vya wagonjwa na sehemu za kusubiri, ila si chumba cha upasuaji wala wodi ya walioungua. Hatozwi nauli wala ada ya ziada, lakini akiharibu kitu mwenyewe hulipa kama ambavyo mteja mwingine yeyote angelipa.

Vitambulisho vinavyouzwa

Mtu akitafuta mtandaoni maneno “mbwa wa huduma” atakutana upesi na kampuni zinazotoa “usajili wa taifa”, cheti chenye muhuri, kadi yenye picha ya mbwa na kizibao, vyote kwa malipo ya kadi ya benki. Wananchi wafahamu kwamba nchini Marekani hakuna daftari la serikali ya shirikisho la mbwa wa huduma. Wizara ya Sheria imeeleza bayana kwamba vyeti hivyo havimpi mtu haki yoyote na haivitambui kuwa uthibitisho wa kwamba mbwa ni wa huduma. Aliyelipa dola 200 kwa kadi na asiyelipa hata senti moja wako sawa mbele ya sheria. Kinachowatofautisha ni kama mbwa amefunzwa.

Kununua kadi hizo kuna madhara zaidi ya kupoteza fedha. Mbwa asiyefunzwa akivalishwa kizibao na kuingizwa sokoni, siku atakapomng’ata mtu au kumshambulia mbwa mwingine anayefanya kazi, gharama humwangukia mgonjwa wa kweli atakayefuata, kwa maana atapokelewa kwa mashaka. Majimbo mengi yamefanya udanganyifu huo kuwa kosa. Huko California, kujifanya kwa makusudi kuwa una mbwa wa huduma kunaweza kuleta faini ya hadi dola 1,000, kifungo cha hadi miezi sita, au vyote viwili. Jimbo hilo pia, tangu tarehe 1 Januari, 2022, linamtaka mtaalamu wa afya anayeandika barua ya mbwa wa faraja awe amemhudumia mgonjwa kwa angalau siku 30 kwanza. Barua zilizokuwa zikitolewa kwa kujaza dodoso la dakika tano zilikuwa zimekithiri. Mwananchi asiye raia anayo sababu ya ziada ya kujihadhari, kwa kuwa kesi ya udanganyifu, hata ndogo, si jambo la kuingia nalo katika maombi ya ukaazi.

Namna ya kumpata

Hatua ya kwanza ni tiba. Mbwa wa huduma huongezwa juu ya dawa, ushauri nasaha na uangalizi wa daktari; havichukui nafasi yake. Daktari au mwanasaikolojia anayemfahamu mgonjwa ndiye anayeweza kusema ni tatizo gani hasa mbwa atalibeba, na jibu lake linapaswa kuwa mahsusi. “Atajisikia vizuri” si jibu. “Hulala saa mbili tu kwa sababu ya jinamizi, na kuamshwa mapema kungemsaidia kurudi usingizini” ni jibu ambalo mkufunzi anaweza kulifanyia kazi. Asiyekimudu Kiingereza akumbuke kwamba hospitali zinazopokea fedha za serikali ya shirikisho zinatakiwa kumpatia mkalimani bila malipo, hivyo si lazima mtoto wa nyumbani akae katikati akitafsiri siri za mzazi wake.

Baada ya hapo zipo njia tatu. Ipo njia ya kupokea mbwa aliyekwisha kufunzwa na taasisi, ipo ya kumwajiri mkufunzi amfunze mbwa ulio naye, na ipo ya kumfunza wewe mwenyewe. Sheria inazikubali zote. Haimlazimishi mtu kupitia kwa mkufunzi wa kulipwa. Tofauti iko katika gharama, muda na uwezekano wa kufanikiwa.

Mbwa aliyefunzwa kikamilifu hugharimu mara nyingi kati ya dola 15,000 na 30,000, na wakati mwingine zaidi. Zipo taasisi za hisani zinazotoa mbwa bila malipo, hasa kwa askari waliostaafu, ila foleni zake huweza kuchukua miaka. Mafunzo yenyewe huchukua kati ya mwaka mmoja na nusu na miwili. Si kila mbwa anayeanza humaliza: hata katika shule zenye uzoefu wa miongo mingi, mbwa wengi huondolewa kwa sababu wanaogopa kelele, wanavutwa na chakula au hawana afya ya kutosha. Ndiyo maana Labrado na Golden Retriever hupatikana kwa wingi katika kazi hii, kwa utulivu wao na kwa kupenda kwao kutii, ingawa sheria haichagui koo. Anayemfunza mbwa wake mwenyewe ajue kwamba sheria ya shirikisho haimpi mbwa aliye bado mafunzoni haki ya kuingia kila mahali. Baadhi ya majimbo humruhusu, mengine hayamruhusu.

Kuna jambo ambalo matangazo hayalitaji. Mbwa huvuta macho. Mtu aliyekuwa akipita dukani bila kuonekana sasa ataulizwa jina la mbwa, umri wake, na “mbona wewe huna tatizo?” Kwa mgonjwa ambaye hofu yake kubwa ni watu, huo ni mzigo wa kila siku, na wapo wanaomrudisha mbwa kwa sababu hiyo. Vilevile mbwa anakula, anaumwa, anatakiwa kutolewa nje alfajiri hata wakati wa theluji, na hustaafu akizeeka. Mgonjwa ambaye yu katika kipindi kibaya kiasi cha kushindwa kula mwenyewe hapaswi kupewa kiumbe cha kulishwa. Katika hali hiyo ni afadhali kusubiri.

Utafiti umeonyesha nini? Wengi waliochunguzwa ni askari waliorejea kutoka vitani. Idara ya Masuala ya Maveterani ililinganisha maveterani waliopewa mbwa wa huduma na waliopewa mbwa wa faraja. Katika uwezo wa jumla wa kuendesha maisha hapakuonekana tofauti kati ya makundi hayo mawili, lakini dalili za kiwewe zilipungua zaidi kwa wale wenye mbwa wa huduma. Utafiti mwingine uliochapishwa mwaka 2024 ulihusisha watu 156, ambapo 81 walipewa mbwa na 75 walikuwa bado kwenye foleni. Baada ya miezi mitatu, wenye mbwa walikuwa na dalili nafuu zaidi kwa kipimo cha madaktari wasiojua nani ana mbwa na nani hana. Washiriki hawakugawanywa kwa kura, hivyo matokeo hayo yapokelewe kwa tahadhari, lakini si ya kupuuzwa. Kabla ya hapo, tarehe 25 Agosti, 2021, Rais Joe Biden alikuwa ametia saini sheria iliyoanzisha mpango wa majaribio wa miaka mitano ambao maveterani wenye kiwewe hushiriki wenyewe kuwafunza mbwa wa huduma kama sehemu ya tiba yao.

Nyumba, kazi na ndege

Maelezo yaliyotangulia yanahusu mahali pa umma. Katika nyumba ya kupanga, kazini na ndani ya ndege zinatumika kanuni tofauti, na hapo karatasi zinaweza kuhitajika.

Katika makazi, sheria ya nchi hiyo ya haki katika nyumba inamtaka mwenye nyumba alegeze katazo la wanyama kwa mpangaji mwenye ulemavu anayemhitaji mnyama, na asimtoze ada ya mnyama wa kufugwa. Ulinzi huu umekuwa ukiwafikia hata wenye wanyama wa faraja. Pale ambapo ulemavu hauonekani, mwenye nyumba anaweza kuomba uthibitisho wa kuaminika kutoka kwa mtaalamu. Baadhi ya majengo madogo ambayo mwenye nyumba anaishi humo humo yamesamehewa. Wanafunzi wanaokaa mabwenini wawasiliane mapema na ofisi ya chuo inayoshughulikia ulemavu, kabla ya kumleta mbwa na si baada ya kukutwa naye.

Kazini, mfanyakazi huomba ruhusa kwa mwajiri kama anavyoomba marekebisho mengine ya mazingira ya kazi, na mwajiri anaruhusiwa kutaka maelezo ya kitabibu.

Katika usafiri wa anga kanuni zilibadilika. Awali mashirika ya ndege yaliweza kumdai mwenye mbwa wa maradhi ya akili barua ya mtaalamu wa afya, sharti ambalo asiyeona hakuwekewa. Kanuni mpya za Wizara ya Uchukuzi ya Marekani, zilizoanza kutumika tarehe 11 Januari, 2021, ziliondoa tofauti hiyo na kuwaweka mbwa wote wa huduma katika daraja moja. Kanuni hizo hizo ziliyaruhusu mashirika kuacha kuwapokea wanyama wa faraja kama wanyama wa huduma. Msafiri sasa anaweza kutakiwa kujaza fomu ya wizara hiyo kuthibitisha afya, tabia na mafunzo ya mbwa, na kuiwasilisha hadi saa 48 kabla ya safari. Kwa safari ya saa nane au zaidi, shirika linaweza kudai fomu ya pili inayoeleza kwamba mbwa hatajisaidia ndani ya ndege au anaweza kufanya hivyo bila kuleta uchafu. Safari ya kuja Afrika Mashariki huangukia humo moja kwa moja.

Madereva, wenye maduka na suala la dini

Dereva wa teksi haruhusiwi kumwacha abiria kwa sababu ana mbwa wa huduma. Hofu ya mbwa au mzio si sababu inayokubalika kisheria. Panapokuwa na watu wawili wanaogongana kimahitaji, sheria hutaka wote wahudumiwe, kwa mfano kwa kukaa sehemu tofauti za chumba. Taasisi za dini zimesamehewa katika sehemu hii ya sheria, hivyo msikiti au kanisa lina uamuzi wake. Msamaha huo ni wa taasisi hizo zenyewe na hauendi kwa dereva au muuza duka anayehudumia umma.

Jambo hili linastahili kuzungumzwa kwa staha, kwa kuwa wengi wa watu wa mwambao ni Waislamu wa madhehebu ya Shafii, ambayo humhesabu mbwa kuwa najisi na kutaka kilichoguswa na mate yake kioshwe mara saba, moja kwa udongo. Wafuasi wa Malik wana msimamo mwepesi zaidi. Madhehebu yote yanamkubali mbwa wa kuwinda, wa kuchunga na wa kulinda, yaani mbwa mwenye kazi. Mwaka 2008 msikiti mmoja wa mji wa Leicester, Uingereza, ulimruhusu kijana asiyeona kufika na mbwa wake, akatengewa mahali pa kumwacha mbwa huyo nje ya eneo la sala. Dereva mwenye shaka anaweza kutandika shuka kiti cha nyuma au sakafuni, akabeba nguo ya kubadilisha kwa ajili ya sala, na safari ikaendelea. Familia yenye mgonjwa nayo inaweza kutenga chumba na mkeka wa mbwa, na kumuuliza shehe wake mapema.

Anayekusudia kurudi naye nyumbani

Haki zote zilizoelezwa hapa ni za sheria za Marekani. Hazimfuati mtu akitua Dar es Salaam au Zanzibar, na kanuni za anga za Marekani hazitawali kila kipande cha safari inayounganishwa katika nchi ya tatu. Msafiri aulize shirika lake la ndege juu ya kila kipande, na aulize hoteli kabla ya kulipa.

Kuingia nchini, mbwa anahitaji kibali cha kuingiza mnyama kutoka Wizara ya Mifugo na Uvuvi, cheti cha afya cha mamlaka ya mifugo ya nchi anakotoka, na uthibitisho wa chanjo ya kichaa cha mbwa. Kurudi Marekani ndiko kunakowashtua wengi. Tangu tarehe 1 Agosti, 2024, kila mbwa anayeingia nchi hiyo, awe wa huduma au wa kufugwa, anapaswa kuwa na umri wa angalau miezi sita, awe mwenye afya, awe na kifaa cha utambulisho chini ya ngozi, na awe amejaziwa fomu ya kituo cha kudhibiti magonjwa cha nchi hiyo, CDC. Tanzania, Zanzibar ikiwemo, pamoja na Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi na Kongo zimo katika orodha ya nchi zenye hatari kubwa ya kichaa cha mbwa. Kwa hiyo mbwa aliyechanjwa Marekani anapaswa kuondoka huko akiwa na fomu maalumu ya chanjo iliyojazwa na daktari wa mifugo aliyeidhinishwa na kuthibitishwa na Wizara ya Kilimo ya Marekani. Fomu hiyo hushughulikiwa kabla ya safari. Asiye nayo hulazimika kupitia utaratibu wa mbwa waliochanjwa nje, wenye kipimo cha damu na nafasi ya kulipia katika kituo cha wanyama kilichosajiliwa.

Anayenyimwa huduma nchini Marekani kwa sababu ya mbwa wake anaweza kupata maelezo na kuwasilisha malalamiko kwa Wizara ya Sheria ya nchi hiyo kupitia tovuti ya ADA.gov au simu 800-514-0301. Katika uwanja wa ndege aombe kuonana na afisa wa malalamiko ya abiria wenye ulemavu, ambaye kila shirika linatakiwa kuwa naye. Aliyezidiwa na mawazo ya kujidhuru, awe na mbwa au asiwe naye, apige 988 akiwa popote nchini humo, saa yoyote.